Karatasi Isiyomjua Dada

2 Aprili
Mvua imeanza na paa limeanza. Mwaka jana fundi aliapa kwamba limepona. Leo tone la kwanza limetua kwenye rafu ya mafuta, la pili shingoni mwa mteja, naye akanigeukia kwa hasira akidhani nimemmwagia maji. Nimeweka ndoo. Dada ndiye mwenye saluni na ndiye mwenye mdomo. Siku nyingine angemsema fundi huyo mpaka jioni. Leo amekaa kwenye kiti cha draya amejifunika shali, akaniambia tu nisogeze ndoo kidogo kushoto.

5 Aprili
Dada amesinzia akisuka. Amesimama wima, chanuo mkononi, mteja kainamisha kichwa anangoja. Nikamgusa kiwiko. Mteja akasema, "Mwache, amechoshwa na vichwa vyetu vigumu." Tukacheka. Baadaye nilikasirika, maana kichwa kile nilikimalizia mimi.

9 Aprili
Nywele zake zinatoka. Anavaa wigi na kuwaambia wateja ni fasheni. Nusu ya nje ya kila unyusi imepotea, sasa anaichora kwa penseli, na akiwa amechoka unyusi mmoja unakuwa juu ya mwingine, anaonekana kama mtu aliyeshangaa upande mmoja.

Anameza vile vidonge vya nywele tunavyouza. Lebo inasema kimoja kwa siku. Yeye anameza vitatu asubuhi na vitatu jioni. "Msusi mwenye upara nani atamkalia kitini?" anasema. "Mimi ndiye tangazo." Vidonge vinaletwa kwenye mfuko mweupe, mimi ndiye ninayejaza vichupa na kubandika lebo yenye picha ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni. Zamani vilikuja kwenye makopo. Moja bado lipo hapo rafuni, Dada alilivika karatasi ya maua siku tuliyofungua saluni, tunawekea vibanio.

10 Aprili
Mvua. Wateja wawili.

14 Aprili
Leo tumegombana, na wateja wamesikia.

Dada alimpaka Mwalimu dawa ya kulainisha nywele, akaenda chumba cha nyuma kuchukua taulo, hakurudi. Mwalimu ni mteja wetu wa miaka mingi, anafundisha sayansi shule ya sekondari, si mtu wa makelele. Alikuwa amekaa anauma midomo. Niliposikia anavuta pumzi kwa meno ndipo nikajua dawa inamuunguza. Nikamkimbiza kwenye sinki. Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu.

Nilimkuta Dada amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, taulo mapajani, anaangalia ukuta.

"Dada, umemuunguza Mwalimu."

"Nakuja."

"Unakuja wapi? Nimeshamwosha. Kila siku nakuja, nakuja. Unajua siku hizi umekuwaje? Umekuwa mvivu. Mimi nafagia, mimi nasuka, mimi naosha, wewe unakaa na shali lako kama mgeni."

Nilitaka anijibu. Dada huyu ndiye aliyenilea tangu Mama alipofariki, na katika maisha yangu yote sijawahi kumshinda kwa maneno. Akasema kwa ile sauti yake mpya ya kukwaruza, "Labda."

Akanyanyuka kwa kushika ukuta. Nimeandika haya na bado nina hasira. Laiti angenitukana.

17 Aprili
Mwalimu amerudi, na sikio lake lina marhamu. Nilidhani amekuja kudai. Kumbe alikuja kumwangalia Dada. Alimwomba atoe ulimi, akamshika mikono, akamuuliza kama anasikia baridi.

"Mimi baridi nasikia hata kwenye jua," Dada akasema.

"Choo?"

"Mwalimu, hapa kuna wateja."

Mwalimu akasema huenda ni tezi ya shingo, ile iliyokaa mbele ya koo, ndiyo inayouendesha mwili, na ikilegea mtu mzima analegea. Akatuonyesha kwenye simu kampuni inayotuma kipimo nyumbani kwenye kiboksi. Unajichoma kidole, unajaza kichupa, unatuma maabara, majibu yanakuja kwenye simu. Dada amefurahi kwa sababu hataki kupanga foleni hospitali akiwa na wigi. Mimi nimeendelea kufagia. Moyoni nasema mtu anatafutiwa ugonjwa ili asishike ufagio.

24 Aprili
Kiboksi kimefika. Nimemsomea Dada maelekezo jioni, mumewe yupo, anakula. Shemeji ni fundi umeme, mtu asiyetumia maneno kama vile yanakatwa kwenye mita. Kipimo kifanywe asubuhi, kabla ya kula. Maji yanaruhusiwa. Mkono upashwe moto kwanza, uning'inizwe chini damu ishuke. Tone la kwanza lifutwe. Kidole kisikamuliwe sana, damu itaharibika.

"Na uache virutubisho vyenye biotini siku kadhaa kabla," nikasoma.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sijui. Labda wanayo wale wa mazoezi."

"Basi sisi tulishaiacha," Dada akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamsikia yule Dada wangu. Tukacheka hata Shemeji akatabasamu na wali mdomoni.

25 Aprili
Asubuhi hakula chochote. Alikunywa maji na kumeza vidonge vyake vya nywele. Damu haikutaka kutoka. Kidole kimekuwa baridi kama kimetolewa kwenye friji. Tukakiosha kwa maji ya moto, nikakichoma tena, cha pembeni nacho nikakichoma, ndipo tone likaja, jeusijeusi, la uvivu. Ilichukua muda mrefu kufikia mstari wa kichupa. Nimepeleka posta mwenyewe, mvua inanyesha.

27 Aprili
Ndoo mbili sasa.

2 Mei
Majibu. Tuliyasoma saluni, Mwalimu akiwa chini ya draya, ikabidi azime ili asikie.

Kuna homoni ambayo ubongo unatuma kuiamrisha tezi, na kuna homoni za tezi yenyewe. Mwalimu alieleza vizuri: tezi ikilala, ubongo unapiga kelele, ile namba ya kwanza inapanda. Tezi ikikimbia kupita kiasi, ubongo unanyamaza, namba inashuka. Ya Dada imeshuka mpaka chini kabisa, na za tezi zimepanda. Yaani tezi yake haijalegea. Inakimbia.

Mwalimu alikunja uso. "Nilidhani ingekuwa kinyume."

Dada hakujali kinyume wala sawa. Aliishika ile simu kwa mikono miwili. "Basi nina ugonjwa," akasema. "Mdogo wangu, umeona? Nina ugonjwa kweli." Alikuwa karibu kulia kwa furaha, na mimi nikaona aibu.

5 Mei
Nimempeleka kwa daktari wa zahanati ya mtaa wa pili. Ni kijana, mwenye haraka. Alisoma karatasi niliyoichapisha, akaisoma tena, akaandika. Dada alikuwa amekaa mbele yake na shali na sweta mbili, uso umevimba, na yule daktari akamuuliza, huku anaandika, kama anasikia joto sana.

"Hapana," Dada akasema. "Baridi."

"Itakuja," akasema daktari.

Ametoa vidonge vya kuituliza tezi.

11 Mei
Jioni nimesoma tena maelezo ya chini ya majibu. Mtu ambaye tezi yake inakimbia anakonda, anatoka jasho, moyo unadunda, mikono inatetemeka, hawezi kutulia. Nikamwangalia Dada. Amenenepa mpaka pete imekatwa kwa koleo. Hatoki jasho hata akisimama karibu na draya. Kutulia ndiyo kazi yake kubwa. Karatasi hii inamzungumzia mtu mwingine kabisa, mtu ambaye Dada hajawahi kukutana naye.

Nilimwambia Shemeji. Nilitegemea agune tu. Akasema, "Zamani alikuwa anaongea usingizini. Nilikuwa nachukia. Sasa ana miezi haongei." Kisha akaenda kuchemsha maji ya kumkandia miguu. Kumbe anamkanda kila siku. Nimeishi karibu na mtu huyu miaka kumi na moja nikidhani hana habari.

13 Mei
Mvua.

14 Mei
Mvua. Dada hakuja kazini.

16 Mei
Nimeagiza kipimo kingine. Naamini walichanganya vichupa. Dada hataki. "Unataka wanifutie ugonjwa wangu," amesema, nusu mzaha. Nikamwambia safari hii nitasimamia kila kitu kama bwana harusi anavyosimamia picha.

20 Mei
Nimesimamia. Hakula. Vidonge vya daktari nilivificha mpaka tulipomaliza. Nilipasha maji mwenyewe, nilifuta tone la kwanza, sikukamua, kichupa nilikipindua taratibu kama walivyosema. Aliomba vidonge vyake vya nywele na maji, nikampa, maana nywele hazina uhusiano na shingo. Kila kitu sawasawa.

27 Mei
Majibu yamekuja, ni yale yale. Chini kabisa, na juu.

Dada hakuninanga. Alisema tu, "Sasa utaniacha ninywe dawa zangu." Nikasema nitamwacha. Vichupa haviwezi kuchanganywa mara mbili. Nimeshindwa na karatasi, na kweli nilitaka kushindwa, kwa sababu nimechoka kuwa na wasiwasi. Daktari wa zahanati ameongeza dozi.

31 Mei
Dada ameniita kwa jina la Mama. Akajirekebisha, lakini polepole, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba.

3 Juni
Leo nataka kuandika kwa utaratibu.

Mvua ya jana imeshusha kipande cha dari. Nilipofungua saluni rafu yote ilikuwa maji. Nikaanza kushusha vitu, mafuta, rola, shampuu. Kopo la vibanio lilikuwa limejaa maji mpaka juu na ile karatasi ya maua imebanduka, imening'inia. Nikamalizia kuing'oa ili nikaushe kopo. Chini yake kulikuwa na lebo ya kopo lenyewe, rangi bado nzuri, kwa sababu karatasi ya Dada iliitunza. Neno limeandikwa kwa herufi kubwa kuzunguka kopo zima. BIOTINI. Na chini, kwa ndogo, kwa nywele na kucha.

Nilikaa sakafuni kwenye maji.

Maelekezo ya kipimo yapo kwenye simu yangu. Nikayasoma yote, hata yale ya mwisho ambayo mtu hasomi. Biotini haimdhuru mtu, inadanganya kipimo. Ikiwa nyingi kwenye damu, namba ya ubongo inasomeka chini wakati iko juu, na za tezi zinasomeka juu wakati ziko chini. Tezi iliyolala inaonekana inakimbia.

Kwa hiyo tezi ya Dada imelala, na kwa mwezi mzima tumekuwa tukiinywesha dawa ya usingizi.

Nilikimbia mpaka nyumbani kwake na kopo mkononi. Alikuwa kitandani na soksi. Nikamweleza, nikarudia, nikarudia tena. Mara ya tatu akaelewa.

"Vidonge vyetu?" akasema. "Vya yule mama mwenye nywele hadi kiunoni?"

"Dada, twende hospitali sasa hivi. Ile kubwa."

"Na nini mkononi? Karatasi mbili zinazosema kinyume." Alipumzika kati ya maneno. "Watasoma karatasi. Yule kijana alisoma karatasi. Watanipa vile vile, tena kwa sindano. Niache vidonge vyote, vya nywele na vya daktari. Tusubiri hizo siku. Tupime vizuri. Niende na karatasi ya kweli."

"Tutawaambia."

"Wasusi wawili na kopo," akasema.

Nilibishana naye. Niandike hapa kwamba nilibishana. Lakini alikuwa akiongea kama Dada wa zamani, mwenye hoja, na nilikuwa nimemkosa mno. Nikakubali. Shemeji alisimama mlangoni, akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akasema, "Mkishindwa, mimi nambeba."

4 Juni
Hajameza kitu. Hajala pia. Anasema hana njaa.

6 Juni
Siku zilizotakiwa zimepita. Kipimo cha tatu. Mikono yake ilikuwa baridi kiasi kwamba maji ya moto hayakuipata. Shemeji alivua shati, akaiweka mikono ya mkewe kwapani kwake, akakaa hivyo, meno yanagongana. Ndipo tone likatoka. Dada aliliangalia likishuka kwenye kichupa. "Safari hii sema ukweli," akaliambia.

Posta walikuwa wanafunga. Nikawalazimisha.

8 Juni
Asubuhi hakuamka vizuri. Anafumbua macho, anafumba. Pumzi inakuja moja, unangoja, inakuja nyingine. Alikuwa na kikohozi tangu juzi tukadhani mafua ya mvua. Shemeji alimfunga blanketi akambeba mpaka barabarani. Gari la jirani likatupeleka hospitali kubwa.

Daktari wa zamu ni mama wa makamo. Hakuuliza karatasi. Alimgusa Dada shavuni, akaangalia nyusi, penseli ilikuwa imefutika kwa mvua, akamgonga goti kwa kinyundo na mguu ukarudi mahali pake polepole mno. Akasema palepale, bado hajavua glavu, "Tezi ya huyu imelala muda mrefu sana. Amekuwa wapi?"

Nilimpa kopo. Sijui kwa nini nilikuwa nimelibeba. Alilisoma, akaninyooshea kidole nikae, akaanza kuwaita watu. Wamempa homoni kwa mshipa, dawa ya mapafu, mashine ya kupumua. Hakuna aliyesubiri kipimo. Yule mama aliangalia mtu, akajua. Hilo ndilo linaloniua.

9 Juni
Nimekaa naye. Nimemchana zile nywele chache, kwa mkono, maana chanuo lingezing'oa. Nilimsema fundi wa paa kwa niaba yake, matusi yote ambayo angeyatumia. Nadhani alisikia. Kope zilicheza.

10 Juni
Dada ametutoka.

14 Juni
Tumezika. Mvua ilikatika siku hiyo hiyo, jua likatoka la kukera.

Mwalimu alikaa nami mpaka watu wakaondoka. Sikio lake limepona, limebaki alama ndogo. Alisema, "Mimi ndiye niliyewaonyesha kile kiboksi." Nikamwambia kiboksi kilisema kweli, kiliandika kila kitu, hata neno lenyewe kiliandika. Sisi ndio tulidhani vitu vya saluni havihusiani na mwili. Alilia. Mimi sikuweza.

16 Juni
Nimefungua saluni kwa sababu sikujua pa kwenda. Mteja aliulizia vidonge vya nywele. Nikamwambia havipo. Akasema anaviona pale. Nikavitoa rafuni kichupa kimoja kimoja nikavimwaga kwenye ndoo ya mvua, mbele yake, akaondoka.

18 Juni
Simu ya Dada iko kwa Shemeji. Leo amekuja nayo saluni, akakaa kwenye kiti cha draya, kile cha Dada, akaninyooshea. Majibu ya kipimo cha tatu yamefika. Hakuwa ameyafungua. "Wewe ndiye unayejua kusoma hizi," amesema.

Nikafungua. Namba ya ubongo imepanda mpaka mahali ambapo mashine yao haihesabu, wameandika tu zaidi ya. Za tezi ziko chini kabisa. Juu wameandika kwa rangi nyekundu, mwone daktari leo.

"Inasemaje?"

"Ubongo wake ulikuwa unapiga kelele," nikasema.

Aliomba nimsomee yote. Nikamsomea maelezo ya chini, dalili moja baada ya nyingine. Baridi isiyoisha. Sauti kukwaruza. Uso kuvimba. Nywele kutoka, na nyusi kwa nje. Kusahau. Kusinzia mchana. Kila nilipotaja moja Shemeji aliitikia kwa kichwa akasema, "Ndiyo yeye. Ndiyo yeye," kama mtu anayeonyeshwa picha.

Alipoondoka niliisoma tena peke yangu, kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Nilikuwa natafuta neno uvivu. Halimo.